Wakubwa Walisema Bien, Wadogo Walilia

Walisema sitaweza. Shangazi yangu alilitamka hilo mezani, siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu, bukari, ugali wetu, ikiwa bado inatoa mvuke.

"Kuuliza batu maswali, njo kazi?" alisema. "Hata mutoto mudogo anauliza. Nani atakulipa weye?"

"Batamulipa anyamaze," shemeji yangu akajibu, na meza nzima ikacheka. Hata mama yangu alicheka, ingawa aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

Mimi sikucheka. Niliendelea kula sombe yangu, kisamvu cha kwetu, taratibu, kwa sababu nilijua nilichokuwa nacho. Nina stashahada ya takwimu. Niliipatia Dar es Salaam, mji niliofika na begi moja na Kiswahili cha Kolwezi, mji wetu wa migodi, ambacho wenyeji walikigeuza kuwa mchezo. Asubuhi nilipakua marobota ya nguo Kariakoo, jioni nilikaa darasani mabega yakiuma. Hakuna mjomba aliyenilipia karo, wala padri aliyeniombea nafasi. Baada ya kuhitimu nilifanya kazi ya kuhoji wafanyabiashara, na wakuu wangu walizoea kunituma mahali ambapo wengine walirudi mikono mitupu. Kwa hiyo niliporudi nyumbani, sikurudi kuomba kazi kwenye lango la mgodi kama wenzangu wote. Nilirudi na kompyuta yangu na kazi ambayo hakuna mtu mwingine mkoani Lualaba aliyeijua kama mimi. Nasema hivyo bila kuona haya.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unamwendea mwenye biashara, unamuuliza: miezi mitatu ijayo, unaona biashara yako itakuwa bora, itabaki ilivyo, au itaharibika? Unawauliza wengi, wadogo na wakubwa. Wanaotarajia mema unawaweka huku, wanaotarajia mabaya unawaweka kule, kisha unaangalia upande gani umezidi. Hapo unapata hali ya moyo ya soko zima. Ukiirudia kila baada ya miezi michache, unaona moyo ukipanda na kushuka kabla fedha haijapanda wala kushuka.

Ushirika mmoja wa akiba na mikopo mjini ndio ulionipa kazi ya kwanza. Walikuwa na fedha za kukopesha na hawakujua waelekee wapi: kwa wadogo wa sokoni, au kwa makampuni, yaani migodi pamoja na wakandarasi wakubwa wanaoihudumia. Walitaka nilinganishe mioyo ya pande hizo mbili. Lakini walisema watalipa ripoti ikishakubaliwa, si kabla. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, maana nilihitaji chumba cha kazi, nauli ya moto, yaani pikipiki ya abiria, kila siku, na chakula.

Nikakopa. Dada yangu alinipa kidogo kutoka biashara yake ya vitenge. Kikundi cha akiba cha kina mama wa parokia kilinipa kidogo zaidi, ingawa mwenyekiti wake alikuwa shangazi yuleyule wa mezani, ambaye alinipa huku akitikisa kichwa. Sehemu kubwa ilitoka kwa tata mmoja, kama tunavyomwita kwa heshima mwanamume yeyote, rafiki wa marehemu baba yangu, mkandarasi aliyekuwa akipika chakula cha wafanyakazi wa migodi na kukipeleka kwa magari yake mwenyewe. Alinipa fedha siku ileile nilipomwomba. Dhamana ilikuwa nyumba ya mama yangu, hapa mtaani kwetu Manika.

Mama alikubali kabla sijamaliza kueleza. Afadhali angekataa. Usiku ule na siku zilizofuata, kila mgodi ulipolipua mwamba na vyombo vikatikisika kabatini, nilishtuka kama mtu aliyebishiwa hodi na mdai.

Nilianzia sokoni. Nilivaa shati jeupe, nikaning'iniza mfuko wa ngozi begani, nikaingia kama nilivyozoea kuingia masoko ya Dar. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wakavu, aliniona kabla sijamfikia.

"Tata, unatoka kwa kodi?"

"Hapana, mama. Natoka kwangu."

"Na shati ile?"

"Ni shati tu, mama."

"Mutu wa kazi ya muzuri havae shati ya vile asubui yote mu soko," aliwaambia wenzake kwa sauti. "Iko na kitu anatafuta."

Sikujua watu wanaweza kukusanyika haraka namna ile. Wabeba mizigo wakaacha mikokoteni yao. Muuza mafuta ya mawese akasimama mgongoni kwangu, na mtu ambaye sikumwona akashika mkanda wa mfuko wangu, wala hakuuachia. Nilieleza kwa Kiswahili changu safi kwamba mimi ni mtafiti, na nilivyozidi kueleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliopigwa kwa kushukiwa tu, kabla hata ya kuulizwa jina.

Mwishowe nikaacha utafiti, nikasema mimi ni mtoto wa nani: wa mama wa kwaya ya parokia, nyumba yenye geti la buluu karibu na kisima.

Mama wa ndagala akaniangalia upya. "Mutoto wa mama ule? Kumbe ni weye ulienda Dar." Akawageukia wengine. "Mumuache. Anaongea tu kama redio, lakini ni mutoto wa hapa."

Mkono ukaachia mfuko wangu. Watu wakacheka, wakaondoka. Nikakaa kwenye ndoo aliyonigeuzia nikalie.

"Sasa uliza," alisema.

Nikauliza. Alikuwa akimpimia mteja ndagala kwa kopo, na wateja wengine watatu walikuwa wakingoja nyuma.

"Biashara imekufa," alisema, akaongezea mteja kiganja kimoja juu. "Andika: imekufa. Andika tena: imezikwa."

Siku zile zote nilizotembea sokoni, majibu yalikuwa hayo. Muuza makala, mkaa wa kupikia, alisema afadhali arudi kulima Kasaji. Muuza unga alisema hajui kama atafika mwisho wa mwezi. Fundi wa baiskeli alisema hata matairi hayatoboki tena. Wachache tu walinijibu tofauti: wenye vibanda vipya vya simu, mwenye duka la vitenge lenye rafu zinazong'aa, kijana mwenye friji jipya la vinywaji. Hao walitabasamu. "Bien, tata," walisema, kwa lile neno la Kifaransa la “vizuri” tulilolifanya letu. "Bien sana. Tunashukuru Mungu." Niliwaandika upande wa mema, nikaendelea na safari.

Kisha nikaenda kwa wakubwa. Huko hofu ni ya namna nyingine. Hakuna anayekushika mfuko. Unauacha mwenyewe langoni. Unavalishwa kofia ngumu na viatu vizito vya mtu mwingine, unapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, unakaa kwenye chumba chenye ubaridi mpaka unaanza kuhisi kwamba umefanya kosa fulani. Wakati huo serikali ilikuwa imezuia kobalti, madini ya migodi yetu, isitoke nje ya nchi. Njiani kuelekea Kingamyambo malori yalikuwa yameegeshwa mstari mrefu, madereva wakipika chini ya trela na kuanika nguo kwenye vioo. Ndani ya ofisi, hata hivyo, kila afisa alinijibu kwa utulivu.

"Tuko bien," alisema mmoja, mkuu wa manunuzi, ambaye nilimfahamu kwa sura kwa sababu tunasali parokia moja. "Tunaendelea kama kawaida."

"Na yale malori, tata?"

Aliutazama kwanza mlango uliokuwa wazi nyuma ya kiti changu. "Malori yanapumuzika."

Nilipita pia kwa tata wa vyakula, kwa sababu kwa idadi ya wafanyakazi wake alihesabiwa upande wa wakubwa. Alinipokea kibarazani, akanipa munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, akajibu kabla sijamaliza swali. "Bien. Andika bien, mwanangu."

Nilipokusanya kila kitu, chati ilitoka nzuri kuliko nilivyotarajia. Wakubwa juu, wadogo chini shimoni, na katikati pengo ambalo hata shangazi yangu angeliona bila miwani. Niliitazama kwa fahari. Nilijiambia kwamba hakuna mtu mwingine mjini humu angeweza kuichora. Ripoti ingesema: wakopesheni wakubwa, wadogo wamekata tamaa. Ushirika ungefurahi, maana nilikwisha kusikia kwamba wajumbe wao walitamani jibu hilohilo. Ningelipwa, ningelipa, mama angelala.

Tata wa vyakula aliniita kabla sijaikabidhi. Sikuwa na nauli ya moto. Nilikwenda kwa miguu, jua likiwa juu ya kichwa, na nilipofika kona ya ukuta wake niliinama nikafuta vumbi jekundu viatuni kwa majani, nikashusha pumzi, nikaingia nikitembea kama mtu aliyeshuka garini muda huohuo.

"Mwanangu," alisema. "Kazi iko je?"

"Iko bien, tata. Iko bien sana. Tunashukuru Mungu."

Nilijisikia nikisema. Nilihisi tabasamu likinivuta mashavu. Hapo hapo nikawaona wale wa sokoni, mmoja mmoja: wa vibanda vya simu, wa vitenge, wa friji. Maneno yaleyale, tena kwa mpangilio uleule.

"Na chantier yako, kazi ya migodini, tata?" niliuliza.

"Bien. Contrat ya mupya iko njiani." Naye alitabasamu. "Nimesikia ushirika batakopesha sisi bakubwa. Ripoti yako itatusaidia bote. Andika muzuri, unasikia? Mi nikisimama, na weye unasimama."

Nyuma yake, chini ya paa la bati, masufuria makubwa yalikuwa yamelala kifudifudi, makavu. Ilikuwa saa ambayo magari yangepaswa kupakia chakula cha mchana. Magari yalikuwa yamesimama kwa mstari, safi, na kuku wa jirani alikuwa amelala kwenye kivuli cha mojawapo.

Nilirudi nyumbani polepole. Nilikuwa nimeelewa, na nisingeweza tena kujifanya sijaelewa. Hapa kwetu hakuna anayemwambia mdai wake kwamba mambo ni mabaya. Ukimwambia, atakuja kesho kuchukua friji. Mwenye deni husema bien, na kadiri anavyozama ndivyo anavyoitamka kwa furaha. Anayelia ni yule ambaye hadaiwi. Analia kwa sababu ana kitu, na anajua shemeji, binamu na watu wa kodi wanasikiliza. Mama wa ndagala alizika biashara yake mbele ya wateja watatu waliosimama foleni, na mimi, mwenye stashahada, niliandika msiba. Wale wakubwa nao wanao wanaowaogopa: mabenki, wenye hisa walio mbali, na mlango uliokuwa wazi nyuma ya kiti.

Sioni aibu kusema kwamba hakuna aliyenionyesha jambo hilo. Nililigundua mwenyewe, kwa sababu nilikuwa mtu wa takwimu na mdaiwa ndani ya shati moja. Lakini kugundua kulinitisha kuliko kutojua.

Nikabadili swali, kisha nikarudi kwa kila mmoja. Safari hii sikumuuliza mtu juu ya biashara yake. Nilimuuliza juu ya jirani.

"Yule wa friji?" alisema mama wa ndagala. Nilikuwa nimevaa fulana na ndala, na hakuna aliyenishika. "Friji haina yake. Ni ya bale ba kampuni ya vinywaji. Anawasha muchana, asubui na mangaribi anazima juu ya feza ya umeme. Masikini, anacheka sana siku hizi."

"Na wewe, mama, jirani wakiniambia nini juu yako?"

"Batasema nafunga ndagala gunia na gunia natuma Lubumbashi. Bongo, uongo tu." Akapima kopo, akaongeza kiganja juu. "Lakini usiandike. Ndugu ba bwana wangu banajua kusoma."

Kwa wakubwa sikuomba tena miadi. Nilingoja Jumapili, baada ya misa, nikamkuta mkuu wa manunuzi akimsubiri mkewe kando ya ukuta wa parokia. Bila kofia ngumu alionekana mfupi.

"Tata, nikuulize kitu kimoja. Mdogo wako wa damu akitaka kufungua kantini mbele ya lango lenu leo, utamwambia nini?"

Watoto wa katekesi walipita wakikimbizana. Alipojibu, aliwatazama wao, si mimi.

"Nitamwambia alime mahindi."

Niliwauliza wengine swali hilo, makanisani, kwenye misiba, kwenye foleni ya mafuta ya gari, na kila mara jibu lilifanana. Chati yangu nzuri ikapinduka. Wakubwa walikuwa wanaogopa, na waliowategemea langoni walikuwa wanaogopa zaidi. Wadogo waligawanyika: wanaolia walikuwa wazima, wanaotabasamu walikuwa wamezama kwenye mali ya mkopo. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Na kweli hiyo ilimgusa tata wa vyakula. Sikuandika jina la mtu hata mmoja, siandiki kamwe, lakini ushirika ukisoma kwamba wapishi na wasafirishaji wa langoni wasubiri, naye angekataliwa pamoja na wote. Akikataliwa, angehitaji fedha zake. Na fedha zake zilikuwa nyumba ya mama.

Nilibaki na ripoti mbili. Ya kwanza ilikuwa na chati ya kupendeza, na ilitosha kuweka nyumba salama. Ya pili ilikuwa ya kweli. Sikuweza kula. Mama alinikuta uani, nikiwa nimekaa juu ya tofali, akauliza nini kinanisumbua, nikamwambia yote bila kupunguza.

Alisimama kidogo na beseni lake la nguo kiunoni.

"Kama tunatoka," alisema, "tunatoka na milango. Milango nilinunua mimi."

Alikwenda kuanika nguo, akaanika shuka moja mara mbili. Alikuwa anaogopa kama mimi, na hakuniambia niandike uongo.

Nilipeleka ya pili.

Meneja wa ushirika alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma kurasa zote mbele yangu, akarudi nyuma, akasoma tena. Nilieleza jinsi nilivyouliza mara ya kwanza na mara ya pili, na kwa nini ile ya kwanza inadanganya.

"Kwa hiyo wanaonijia hapa wakitabasamu ndio wa kuogopa," alisema.

"Wengi wao, mama."

"Wajumbe wangu hawatapenda." Akavua miwani. "Na wewe? Biashara yako iko je?"

"Iko bi—"

Neno lilikwama. Aliningoja. Nje mtu aliwasha jenereta, na kelele yake ikanipa muda, lakini haukutosha kutunga kitu kingine.

"Ninaogopa, mama," nilisema. "Ripoti hii inaweza kuniondolea nyumba ya mama yangu."

"Na umeileta."

"Nimeileta."

Aliirudisha miwani usoni. "Iache hapa. Utaitwa."

Sikuitwa wiki ile, wala iliyofuata. Aliyekuja ni tata wa vyakula. Alisimamisha gari lake mbele ya geti la buluu, hakuingia ndani, alisimama uani akitazama ukuta, paa, madirisha, kwa jicho la mtu anayepima.

"Bamenikatalia," alisema. "Banasema batu ba langoni bangoje. Nani aliwaambia tungoje?"

Ningeweza kusema sijui. Mama alikuwa mlangoni anasikia.

"Mimi, tata. Sikumtaja mtu, lakini niliyeandika ni mimi."

Aliuacha ukuta, akanigeukia. Sikuona hasira pale nilipoitarajia. Niliona mtu aliyechoka kutabasamu. Hilo lilinitisha zaidi, maana mtu wa namna hiyo hana cha kukuhurumia nacho.

"Baba yako alikuwa mukwetu," alisema. "Lakini bapishi bangu bana batoto. Mwisho wa mwezi, mwanangu. Feza, ao nyumba."

Kesho yake nilimkuta mama kwenye kabati la marehemu baba, anatafuta bisibisi. Aliijaribu kwenye bawaba ya mlango wa jikoni, akalegeza skrubu moja, akaikaza tena. Kila jioni alilegeza nyingine na kuikaza, kama mtu anayefanya mazoezi. Nilitembea mji mzima nikitafuta kazi yoyote. Shemeji alipokutana nami barabarani aliniuliza kama nimeshalipwa kunyamaza.

Kisha mambo yakatokea yenyewe. Migodi kadhaa ilipunguza zamu, na habari zikaenea mjini ndani ya asubuhi moja: kantini za nje zimesimamishwa, magari ya kukodi yamerudishwa, wenye mikataba wasubiri hadi watakapoarifiwa. Watu waliojenga maisha yao langoni walirudi nyumbani na masufuria. Ushirika haukuwa umewapa wengi wao kitu. Ulikuwa umekopesha wanaolia, na wanaolia walikuwa wanalipa kila wiki, huku wakilia.

Meneja aliniita. Hakunipongeza. Alinilipa yote tuliyokubaliana, kisha akaniambia anataka nirudie kazi ileile msimu ujao, na safari hii sehemu ya malipo ningeipata kwanza. Nilitoka nikiwa nimeukumbatia mfuko wa ngozi kwa mikono miwili, na kila moto iliyopunguza mwendo karibu yangu ilinifanya niguse ukuta. Mwezi ulikuwa haujaisha.

Sikulala na fedha ya mtu. Siku ileile nilianza kwa dada yangu, kibandani kwake. Alizihesabu juu ya vitenge, akanikatia kipande cha kitambaa cha mama bila kunitoza, na akamtazama mumewe, shemeji yule wa mezani, mpaka akainamisha kichwa. Kutoka hapo nilikwenda parokiani, ambako kina mama wa kikundi walikuwa wamekaa kwenye benchi. Shangazi alipokea, akahesabu, akahesabu tena, akampa jirani yake naye ahesabu.

"Kumbe banalipa kweli juu ya kuuliza," alisema.

"Wanalipa, shangazi. Lakini lazima ujue kuuliza."

"Ona kichwa yake," aliwaambia wenzake. "Inaanza kuvimba." Lakini alinishika mkono, na hakuuachia haraka.

Mwisho nilikwenda kwa tata wa vyakula. Nilikuwa na nauli, lakini nilitembea, na sikufuta viatu. Nje ya geti lake palikuwa na meza, na sufuria moja kubwa ilikuwa imesimama wima juu ya makala. Yeye mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa akiwapakulia bukari na maharagwe madereva na wapita njia. Wapishi wawili walikuwa wakiosha sahani. Alinikaribisha kwenye benchi. Nilimpa deni lake lote, akalihesabu taratibu, akaingia ndani, akatoka na karatasi za nyumba ya mama, akaniwekea mapajani.

Mteja alidai pilipili, akapewa.

"Sasa, mwanangu," alisema. "Kazi iko je?"

Nilifungua mdomo, na kilichotoka sikukipanga.

"Aa, tata. Mambo ni mabaya. Hakuna kitu. Imekufa kabisa."

Alinitazama, mwiko ukiwa hewani. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu baba yangu alipokuwa hai.

"Basi uko bien," alisema, akanipakulia sahani.